Aliyekataa Kusafishwa

Mlango wa Kikosi cha Uokoaji Milimani, pale Tukuyu, haukuwa na komeo wala askari mkali. Ulikuwa upinde mweupe tu, na kila aliyepita chini yake aliwashiwa taa: kijani kwa walio wengi, njano kwa wachache. Subilaga Mwambene alivuta pumzi, akaiweka sawa kola ya shati lake jeupe alilolipiga pasi mpaka likang'aa, akapita.

Njano.

"Pole, mwanangu," alisema mama wa mapokezi, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba amekanyaga tope. "Una kesi."

"Ninayo, mama. Ya zamani. Nilifungwa, nikamaliza, nikatoka."

"Upinde haujui zamani. Unachojua ni ipo au haipo."

Subilaga alijua hayo. Ilikuwa mara yake ya tatu kupita pale, na kila mara alijipa moyo kwamba pengine kumbukumbu nayo huchakaa kama nguo. Akatazama dirishani. Nje, kwenye nyasi zilizolowa, kereng'ende nne zilikuwa zimekunja mabawa. Vyombo hivyo vya uokoaji vilikuwa na mabawa manne membamba, viliweza kusimama hewani bila kwenda mbele wala nyuma, na kutua mahali padogo kama mkeka. Mbili kati yake hazikuwa na rubani. Mvua za mwaka uliopita, jirani yake Subilaga, mjamzito, alifia juu huko mlimani akisubiri, na chombo cha kumfuata kilikuwepo, kimeoshwa, kimejaa nguvu, hakuna mtu wa kukirusha. Na Subilaga, ambaye kwa miaka kumi na tano alikuwa akirusha chombo cha mizigo walichokiita punda, kimejaa maziwa kutoka Kitulo, alikuwa amekaa jikoni kwake akisikiliza mvua.

"Lakini dawa si ipo?" mama wa mapokezi akaendelea, sasa akimsogelea kwa upole wa kweli. "Nyumba ya Kusafishia iko hapo nyuma ya soko. Hulipi kitu. Unakaa kitini, unasinzia, unaamka huna kesi. Usaili unaendelea mpaka Ijumaa. Mwenyekiti wa baraza mwenyewe, Bwana Mgaya, alisafishwa, na hafichi. Leo nani anamkumbusha?"

Hakuna aliyeweza kumkumbusha, kwa kuwa hivyo ndivyo sheria ilivyotaka. Hapo kale kesi za watu zilikaa kwenye makabati, na wenye mkono mrefu wakapoteza faili zao. Zilipohamishiwa kwenye mitambo, wakapatikana mafundi wa kuzipotosha. Aliyebaki na kesi akawa yule asiye na mtu, hata kama aliiba kuku mmoja tu. Ndipo ikaja Sheria ya Utumishi Safi. Faili huweza kuchomwa moto, ilisema, lakini hakuna anayeweza kukihonga kichwa chake mwenyewe. Mtu aliyesomewa hukumu huibeba ubongoni, na kumbukumbu ile ina mwanga wake usiofanana na mwingine. Upinde ulifundishwa kuuona mwanga huo. Kisha, kwa kuwa haikuwa haki kumfungia mtu mlango mpaka kaburini, kikaongezwa kifungu kingine: asiyelikumbuka kosa, hana kosa. Anayetaka, afutiwe.

"Ahsante, mama," alisema Subilaga. "Nitakwenda."

* * *

Gwakisa alikuwa jikoni akipika ndizi kwa maharage. Mvua ilikuwa inanyesha, na mguu wake wa kulia, wa chuma kuanzia nyonga, ulikuwa unavuma kidogo kama ulivyozoea siku za unyevu. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kuacha mwiko.

"Kwa hiyo utanisahau," alisema.

"Sitakusahau wewe, Baba Tuntufye. Nasahau ajali."

"Ajali ndiyo mimi, mke wangu."

Subilaga akacheka. Ilikuwa kweli tupu. Akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa akishindana na marubani wenzake wa maziwa nani atafika mjini kwanza. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai, naye akashuka ndani yake kwa kasi, kichwa kimejaa ushindi. Hakujua kwamba juu ya mnara wa kupima mvua kulikuwa na fundi amejifunga kamba, bisibisi mdomoni. Alimwona alipokuwa amekwisha kumgonga. Mahakama ikampa miaka miwili.

Fundi yule alipoweza kusimama kwa magongo, alikwenda gerezani siku ya wageni. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya matusi. Alikuwa na mengine mapya kabisa, ya kujitungia. Alipoletewa msichana mwembamba mwenye macho yaliyovimba, kabla hajafungua kinywa, msichana yule akamwuliza, "Bado panauma?" Matusi yote yakamtoka Gwakisa kichwani. Akajibu, "Panauma nikicheka." Mwezi uliofuata akarudi. Na uliofuata.

"Nimewaza hivi," Gwakisa alisema sasa, akifunika chungu. "Wakishakufuta, nitakutongoza upya. Safari hii nitavaa suti. Mara ya kwanza nilikuja na kandambili moja na gongo, ukanikubali. Nikija na suti si utazimia?"

"Na nikikukataa?"

"Utanikataaje? Nimo ndani ya nyumba yako, napika vizuri."

Walicheka mpaka ndizi zikashika chini. Kicheko kilipoisha, Gwakisa aliketi kwenye kigoda, akaunyoosha ule mguu wake wa kuvuma.

"Nenda, Mama Tuntufye," alisema, sasa bila mzaha. "Mimi nilishakupata. Wale wa mlimani bado hawajapata rubani."

Subilaga aliona jinsi alivyogeuzia uso upande wa moshi, ingawa jiko lao halikuwa la moshi.

* * *

Mtaalamu wa Nyumba ya Kusafishia aliitwa Zawena, binti mchangamfu aliyejifunga kitambaa cha zambarau, mwenye mikono laini kama ya mkunga. Alimkalisha Subilaga kwenye kiti cha kuegemea, akamvika kofia ya nyuzi nyembamba, akamchoma sindano ambayo hakuisikia.

"Hiyo ni rangi," alieleza. "Inakwenda pale palipo na kumbukumbu tunayoitafuta, inang'aa. Nami naiona kwenye kioo hiki. Wewe fikiria siku ya hukumu tu, mengine niachie."

Subilaga akafikiria. Kwenye kioo kikatokea kitu kama shina linalowaka, na kutoka humo vikachipuka vimashina vingine, kimoja baada ya kingine, mpaka kioo kikajaa.

"Mbona mengi?"

"Ndivyo ilivyo, dada. Wewe ni mtu wa huku, unaijua migomba. Ukiling'oa shina la mama, vichipukizi vinatoka nalo. Kumbukumbu haikai peke yake." Zawena akagusa kimoja kwa ncha ya kidole. "Tupitie pamoja, sheria inataka ujue unachoacha. Hiki hapa ni mlio. Kitu kimevunjika."

"Kitoe."

"Hiki ni chumba kidogo, meza, dirisha lenye nondo. Kuna mtu amekuja na gongo. Ah, hiki kinawaka sana! Hiki unakipenda."

Subilaga aliinua kichwa akitazame.

"Kitatoka nacho," Zawena alisema taratibu. "Lakini usiogope. Mumeo utamjua, watoto utawajua. Tutakuachia maelezo mafupi ya kuziba pengo: mlikutana kwa marafiki, harusini. Wengi wanaridhika nayo. Yeye naye ataahidi kutokuambia tofauti."

"Gwakisa? Gwakisa hawezi kumdanganya hata kuku anayekwenda kuchinjwa." Alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. "Na hicho cha pembeni?"

Zawena alikisogeza karibu, akakunja uso. "Hiki si picha. Ni mkono. Mkono wako wa kushoto, unavuta kitu nyuma, polepole. Kinawaka kila penye ukungu."

Subilaga aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umelala juu ya kiti. Miaka kumi na tano, kila alipoona ukungu, mkono ule ulivuta usukani nyuma kabla yeye hajaamua lolote. Wenzake walimwita Bibi Konokono. Hakuwahi kumgusa mtu tena.

"Hicho nacho kinatoka?"

"Kitadhoofika. Huenda kikarudi, huenda kisirudi. Siwezi kukudanganya."

Nje, muuza karanga alikuwa anapita akipiga mbinja. Subilaga aliwaza kereng'ende ile iliyooshwa, isiyo na rubani. Aliwaza jirani yake. Je, ana haki gani ya kung'ang'ania mapenzi yake na aibu yake, watu wakifa mlimani? Lakini yule atakayeamka kwenye kiti hiki na kwenda kuwaokoa, atakuwa nani? Atakuwa msichana wa miaka ishirini na miwili ndani ya mwili wa mwanamke mzima, anayependa mbio, asiyejua kwa nini mumewe anachechemea.

Akaivua kofia mwenyewe.

"Dada! Na kazi je?"

"Kazi naitaka, mdogo wangu. Ila nataka aende Subilaga, si mtu mwingine aliyevaa sura yangu."

Zawena alipokea ile kofia, akaikunja polepole. "Nimefuta watu wengi," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniachia kiti kikiwa cha moto, kazi haijaanza."

* * *

Ijumaa, upinde uliwaka njano kama kawaida yake.

Safari hii Subilaga hakuwa peke yake. Gwakisa alikuwa amevaa ile suti aliyokuwa ameiandalia kutongozea, ya buluu, mikono mirefu kidogo, na alipopita chini ya upinde ukawaka kijani, akaugeukia kwa hasira kana kwamba umemtukana.

"Mimi ndiye niliyegongwa!" alimwambia mama wa mapokezi. "Mimi! Kama kuna mtu wa kulalamika katika nchi hii, si ndiye mimi? Na mimi nasema apite!"

"Baba, punguza sauti, baraza linakaa ndani."

"Ndiyo maana sipunguzi!"

Mlango wa ndani ulifunguka. Akatoka mzee mrefu, mwenye mvi zilizokatwa vizuri, kikombe cha chai mkononi. Bwana Desderi Mgaya, mwenyekiti wa baraza la ajira, alimtazama Gwakisa, akautazama mguu wake, akaitazama taa ya njano juu ya kichwa cha Subilaga.

"Mama, hukuelekezwa Nyumba ya Kusafishia?"

"Nilielekezwa, mheshimiwa. Nilikaa kitini. Nikainuka."

"Kwa nini?"

Subilaga alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, ya adabu na ya kupangika. Yakamtoka mengine. "Kwa sababu huyu ndiye niliyemgonga, mheshimiwa. Nikisahau nilivyomwumiza, nitasahau na nilivyompenda. Na nitasahau jinsi ya kushuka kwenye ukungu."

Bwana Mgaya alimeza funda la chai. Kisha akausogeza mlango wa ndani kwa kiwiko.

"Ingieni," alisema. "Wote wawili."

Ndani alikuwepo mjumbe mmoja, Bi Skolastika Nyoni, mama mfupi mwenye miwani na sauti iliyonyooka. Alipoona taa ya njano kwenye kioo cha mezani kwake, alivua miwani.

"Mwenyekiti, huyu hajapita."

"Sheria haisemi upinde ndio unaoajiri, Bi Skola. Inasema baraza litaajiri baada ya kuzingatia. Sisi tumekuwa tukizingatia taa, kwa kuwa taa haichukui muda. Leo nataka tumzingatie mtu."

"Basi na mimi nizingatie kwa sauti, wasikie," alisema Bi Skolastika, na hakuwa na ubaya usoni. "Siku akimwumiza mtu, ndugu za mtu yule watakuja kutuuliza: mlijua? Tutajibu tulijua. Halafu kuna jingine. Maelfu wamesafishwa. Wameacha vipande vya maisha yao kwenye kiti kile ili waingie kwenye milango kama huu. Tukimpokea huyu na kumbukumbu zake zote, tunawaambia nini wale? Kwamba walipoteza bure?"

Mguu wa Gwakisa ulikuwa ukivuma. Subilaga aliona kwamba mama yule alisema kweli, na kwamba kweli ile ilikuwa imelenga kiti cha mwenyekiti.

"Niulize mimi," alisema Bwana Mgaya. "Mimi ni mmoja wao. Niliamka siku ile mwepesi kama unyoya. Nikapata kazi, nikapanda vyeo. Lakini kila ninapokutana na mtu mwenye kovu, au mtu akinikazia macho sokoni, najiuliza: ni wewe? Nilikufanya nini? Ningependa kuomba radhi, sijui kwa nani. Huyu mama anajua kwa nani. Si haba." Akamgeukia Gwakisa. "Na wewe, baba, una la kusema?"

"Ninalo. Apewe kazi."

"Wewe ni mumewe," Bi Skolastika alisema. "Ushahidi wako una ugali ndani yake."

"Ndizi, mama. Na mpishi ni mimi."

Hata Bi Skolastika alitabasamu, ingawa alijikaza upesi. "Sawa," alisema, akivaa miwani. "Maneno tumeyasikia. Anajua kurusha?"

* * *

Jaribio lilikuwa lile lile kwa wote: kupeleka kereng'ende hadi kwenye bendera nyekundu iliyochomekwa kwenye mteremko wa mlima Ngozi na kutua, kabla saa ya chomboni haijalia. Bwana Mgaya na Bi Skolastika walikaa nyuma. Gwakisa alibaki chini akipunga mikono yote miwili.

Chombo kilipoinuka, Subilaga alisahau baraza. Alikuwa amezoea punda wa maziwa, mzito na mkaidi; kereng'ende ile iliitikia kabla hajamaliza kuwaza. Chini yake mji ulipungua ukawa mabati na migomba, chai ikajitandaza kijani mpaka miguuni mwa mlima, na yeye, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, akajikuta anaimba kwa sauti ya chini bila kujua.

Kwenye mabega ya mlima, ukungu ulikuwa umelala. Bendera ilikuwa ndani yake. Vipimo vilionyesha mahali, vilionyesha kina, vilionyesha kwamba hakuna kitu kikubwa mbele. Mkono wa kushoto ukavuta nyuma.

Kereng'ende ikapunguza mwendo mpaka ikawa kama inatembea. Akapiga honi ndefu. Akasubiri. Akashuka kidogo, akapiga honi tena, akasubiri.

"Muda unakwenda," alisema Bi Skolastika.

"Nauona, mama."

"Vipimo vinasema pako wazi."

"Mtu aliyejifunga kamba kwenye mnara haonekani kwenye vipimo, mama. Ni mdogo sana."

Saa ya chomboni ililia wakiwa bado hewani. Subilaga hakuigeukia. Alishuka honi baada ya honi mpaka magurudumu yakagusa nyasi kando ya bendera, laini, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Pande zote palikuwa na nyasi na umande. Hapakuwa na mchuma chai wala fundi wala ng'ombe.

"Hapakuwa na mtu," alisema Bi Skolastika.

"Leo hapakuwa na mtu."

Yule mama alitazama nje. "Ungekuwa umefutwa, ungeshuka vipi?"

"Sijui, mama," Subilaga alijibu. "Ndiyo maana sikukubali kufutwa."

Bi Skolastika alifungua mlango, akakanyaga nyasi kwa viatu vyake vya ofisini, akatembea mpaka kwenye bendera na kurudi, sketi imelowa magotini. Alipopanda tena alikuwa ameamua.

"Umeshindwa jaribio la muda," alisema. "Hilo nitalisema bila kuficha. Lakini ningekuwa mimi ndiye niliyelala hapa nimevunjika, au niliye chini ya ukungu nachuma chai yangu, ningetaka nifuatwe na wewe. Nina sharti moja. Hatufichi. Kila kijiji utakachohudumia, afisa mtendaji awaambie watu mkutanoni: rubani wetu alihukumiwa, kwa kosa fulani, mwaka fulani. Wajue wao, si upinde peke yake. Wakikukataa, basi."

"Na taa itaendelea kuwaka njano kila asubuhi ukiingia kazini," aliongeza Bwana Mgaya. "Utaiweza?"

Subilaga alijaribu kusema ndiyo. Alichotoa ni kigelegele, kirefu, kilichokijaza chombo kizima, na Bi Skolastika akaziba masikio akicheka.

* * *

Vijiji vilisomewa ile hukumu mikutanoni. Viwili vilinung'unika. Kimoja kiliuliza kama mume ni yule yule aliyegongwa, na kilipoambiwa ndiye, mkutano ukavunjika kwa vicheko kabla ya ajenda ya pili.

Bwana Mgaya naye aliandika ombi la kufunguliwa faili yake iliyofungwa mahakamani tangu asafishwe, la kwanza la aina yake katika wilaya. Wiki chache baadaye alifika uwanjani kwa Subilaga akiwa amechafuka tope mpaka kiunoni, amebeba gunia begani.

"Nilichoma shamba la mtu," alisema, akihema. "Makete. Ugomvi wa mpaka. Yu hai! Nimekwenda, nimemwambia ni mimi. Amenitukana tangu asubuhi mpaka jua linazama, kisha akanilaza kwake, akanipa gunia hili la viazi." Macho yake yalikuwa yanametameta. "Subilaga, sijawahi kutukanwa vizuri hivi maishani mwangu."

Akampa nusu ya viazi.

Wito wa kwanza mkubwa wa Subilaga ulikuja Jumamosi moja asubuhi. Mto Kiwira ulikuwa umekula daraja na kulizunguka kanisa dogo la bondeni, na ndani yake kulikuwa na kwaya nzima na bibi harusi, waliokuwa wakingoja kumsindikiza kwa mumewe ng'ambo. Subilaga alipofika maji yalikuwa yameshapanda ngazi. Alitua juu ya ukuta wa uani, gurudumu moja limening'inia, akawachukua kwa mafungu: wazee kwanza, wenye watoto, kisha waimbaji. Fungu la mwisho lilikuwa la waimbaji wa sauti ya pili, na bibi harusi mwenyewe, shela limeviringishwa shingoni kama skafu, viatu mkononi.

Walipoinuka salama juu ya maji, watu wakashusha pumzi, na mmoja akaanza kucheka kwa ajili ya kucheka tu, wakamfuata wote. Kiongozi wa kwaya, bibi mmoja mnene aliyekaa nyuma ya kiti cha usukani, alisogeza uso wake karibu na sikio la rubani.

"Mwanangu, samahani. Tulisomewa mkutanoni. Si ndiye wewe wa taa ya njano?"

Vicheko vikapungua. Subilaga alisikia macho ya watu mgongoni kwake, akashangaa kwamba hayakuwa mazito.

"Ndiye mimi, bibi."

"Uliyemgonga mtu?"

"Niliyemgonga."

"Kisha akakuoa?"

"Akanioa. Na leo asubuhi amenifungia viazi nile njiani."

Kwaya ikapasuka kwa kicheko. Bibi alimgeukia bibi harusi, akampiga paja. "Umesikia? Na wewe ulikuwa unalia eti hujamjua vizuri mwenzio!" Kisha akarudi kwa Subilaga, akajiweka sawa kwenye kiti chake kama mtu aliyeletewa chakula. "Hii haiwezi kuishia hapo. Mto ni mpana, tuna nafasi. Tusimulie, mwanangu. Tusimulie yote."

Chombo kizima kikatega sikio. Chini maji mekundu yalikuwa yanapita, na ng'ambo watu wa bwana harusi walishaanza kupunga vitambaa. Na kwa kuwa aliyakumbuka yote, Subilaga akaanza tangu mwanzo.